Klabu kwa Ajili ya Goti

Daktari aliniambia niogelee. Nilimtazama nikidhani amenichanganya na mgonjwa mwingine. Mimi ni mwanamke wa Busibwabo, nimezaa, nimemzika mume, nimeuza mahindi na maharagwe mpakani Busia tangu daktari huyu akiwa bado anafunzwa kufunga kamba za viatu, na katika maisha yangu yote maji yaliyowahi kunipita kiunoni ni yale ya ubatizo. Nikamuuliza, "Kwani daktari, samaki hawaumwi magoti?" Akacheka, lakini hakubadilisha neno. Goti la kulia limelika, alisema. Ukitembea sana linasagika, ukikaa sana linaganda. Majini mwili hauna uzito, kwa hiyo mguu utafanya mazoezi bila kubeba mtu. Nijaribu hivyo kwanza, tuone kama tutaepuka kisu.

Hakujua kwamba kisu si kitu kilichonitisha. Duka langu lina ngazi za saruji mbele, maana barabara yetu ikinyeshewa hugeuka mto, na kila asubuhi lazima nizipande. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, ameolewa Chakol. Alikuwa ameshaniambia kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi, "Mama, siku utashindwa na hizo ngazi tunafunga duka, unarudi nyumbani unapumzika. Tutakutafutia msichana wa kukusaidia." Kupumzika! Nimewaona waliopumzishwa. Wanawekwa kwenye kiti nje ya mlango watazame kuku, na wageni wakija wanawasalimia kwa kupiga kelele, kana kwamba uzee ni uziwi. Mimi nataka nife nikibishania bei ya gunia. Basi sikumwambia binti yangu neno lolote, la daktari wala la maji. Nikaanza kutafuta pa kuogelea kimyakimya, kama mwanamume anayetafuta mke wa pili.

Hoteli za mjini nilizichungulia nikaziacha. Mabwawa yao yalikuwa yamejaa watoto, na kila aliyewahi kulea mtoto anajua mtoto hufanya nini akiingia kwenye maji ya uvuguvugu. Jirani yangu wa duka, mama Mwislamu anayeuza vitambaa, ndiye aliyenifungua macho. "Dada, tafuta klabu ya memba," aliniambia. "Zile za watu wakubwa, za mashambani. Huko mtu analipa ndio asisumbuliwe."

Lilikuwa jambo geni kwangu. Kwetu, mtu akisema yuko klabu unajua atarudi akiimba. Sikuwahi kufikiri kwamba watu wazima, wenye nyumba zao na viti vyao, wanaweza kulipa kila mwaka ili waruhusiwe kwenda kuketi kwenye viti vya pamoja. Wananunua nini hasa? Swali hilo lilinishika hata nikasahau goti kidogo. Mimi ni mtu wa kuuliza, na asiyeuliza hana ajifunzalo.

Klabu ya kwanza ilikuwa mpya, kando ya barabara ya Malaba, lango lake refu kuliko la kanisa letu. Ndani kulikuwa na magari ya kifahari, harufu ya nyama, na runinga zinazoonyesha mpira kila ukutani, hata karibu na choo. Bwawa lao lilikuwa zuri sana kwa macho, la buluu, lenye umbo la figo. Nililizunguka nikitafuta mtu aliyelowa, nikakosa. Watu walikuwa wameketi pembeni na viatu vyao, wanazungumza na simu. Nikamuuliza mhudumu, "Baba, hapa mtu anaingia majini namna gani?"

"Ah, mama, hapa watu huruka tu."

"Na mtu kama mimi?"

Akanitazama kuanzia kilemba hadi ndala. "Wewe tutakuletea kiti poa hapa kando. Unakula samaki?"

Nilikula samaki, na alikuwa mtamu, siwezi kumsingizia. Pale pale nikaelewa wale watu walikuwa wananunua nini: walikuwa wananunua kuonekana. Sikuwalaumu. Hata mimi nilipopata duka la ngazi za saruji nilisimama juu yake siku ya kwanza bila sababu yoyote.

Ya pili ilikuwa ng'ambo, upande wa Uganda, klabu ya zamani iliyoanzishwa na wazungu wa pamba. Nilivuka na mwendesha bodaboda ninayemwamini, kisha teksi. Pale palikuwa kimya, nyasi zimenyolewa vizuri kuliko vichwa vya wanafunzi, na wazee wakitembea taratibu wakifuata mpira mdogo mweupe. Nilisimama kuwatazama kwa muda mrefu. Mzee anaupiga mpira, anautafuta, anaupata, anaupiga tena uende mbali. Nilitamani kumwambia, mzee wangu, si uuweke mfukoni?

Karani wao, bwana mwenye tai na adabu nyingi, alinisomea sheria. Kofia haivaliwi ndani. Simu haipokelewi mezani. Kaptura ni lazima iwe na soksi ndefu. Kuna kiti fulani karibu na dirisha ambacho mwanachama mpya hakikalii, ingawa hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Kumbe ni mambo ninayoyajua! Nilipomwoza binti yangu Chakol niliona Wateso wakinywa pombe yao kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na pale pia kuna utaratibu wa nani anakaa wapi, mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, na ole wake mtu atakayepuliza mapovu. Popote watu wanapokunywa pamoja kuna sheria, na sheria ndiyo inayowafanya wawe pamoja. Nilifurahi kuligundua hilo peke yangu. Bwawa lao nalo lilikuwa na ngazi pana kama za mahakama, zinashuka polepole hadi majini. Tatizo ni kwamba hakukuwa na maji. "Tunangoja pampu, nnyabo," alisema, akiniita mama kwa Kiganda. Wanangoja tangu lini? Akatabasamu kwa adabu zaidi.

Nyumba njema si mlango. Nilirudi Busia nimechoka, goti likiwaka, na asubuhi iliyofuata nilizipanda ngazi za duka nikishika ukuta kwa mikono miwili. Nilikasirika. Niliogopa pia, na sioni haya kusema.

Klabu ya tatu sikuwa hata na habari nayo mpaka mteja wangu mmoja aliyenunua maharagwe ya jiko la klabu hiyo akanielekeza. Iko kati ya Busia na Malaba, ndani kidogo kutoka barabara kuu, nyuma ya mashamba ya mihogo. Haina lango la kutisha. Ina miti, viwanja viwili vya tenisi, na bwawa refu la mstatili, maji yake yanapumua tu. Meneja wao ni mwanamke wa makamo kutoka Nyeri, mchangamfu, anayetembea haraka kama mtu anayekimbiza basi. Aliniambia kwamba mtu anayefikiria kujiunga hukaribishwa kwanza aje kama mgeni, aonje mahali kabla ya kuamua. Nilipenda hilo. Hata maharagwe watu huyaonja, wanatafuna moja wajue kama ni ya zamani.

Kasoro ilikuwa moja. Kuingia bwawani kulikuwa kwa ngazi nyembamba ya chuma, iliyosimama wima kama ya kupandia paa. Nikaitazama, ikanitazama.

"Usijali, mama," meneja alisema. "Tutaita wanaume wawili wakushushe."

"Mimi si gunia," nilimwambia.

Hata hivyo nilisema nitarudi nijaribu, maana utulivu ule ulinivuta. Jirani yangu wa vitambaa aliniagizia kutoka Kampala vazi la kuogelea la wanawake wa Kiislamu, linalofunika mwili kuanzia kichwa hadi kifundo cha mguu. Nililijaribu nyumbani nikacheka peke yangu mbele ya kioo. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na mimi nilikuwa nimeyavalia.

Nilikwenda asubuhi ya siku ya kazi, saa ambayo meneja alisema hakuna watu. Nilikuwa nimevaa lile vazi ndani ya dera, na leso mabegani. Kulikuwa na mtu mmoja tu majini, mwanamume mwenye kofia ya mpira na miwani mikubwa ya maji, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi. Goti lilikuwa limekaza njiani, nikakiendea kiti cha karibu kabisa na bwawa na kujibwaga juu yake, bila kujali vitambaa vilivyokuwa vimetandazwa hapo.

Nilimtazama yule mwogeleaji kwa raha. Anapumuaje? Kwa nini hageuzi kichwa upande mmoja tu? Alipofika karibu yangu na kushika ukingo, nikamsemesha.

"Habari ya asubuhi, boss. Hayo maji ni baridi?"

Akazama.

Nikafikiri labda hakusikia. Akaibukia upande wa pili kabisa, mgongo ukinielekea. Nikapaza sauti. "Boss! Naulizia kina! Mtu wa kimo changu yatamfika wapi?" Akazama tena. Mtu gani huyu asiye na salamu? Nikaendelea, maana nikianza kuuliza huwa sikatiki. Nikamuuliza alijifunza wapi. Nikamuuliza kama maji huingia masikioni. Nikamuuliza kama hiyo ngazi ya chuma inateleza. Kila swali lilimpeleka chini, na kila mara alikaa chini muda mrefu zaidi, mpaka nikaanza kumhofia. Mwishowe alijibanza kwenye kona ya mbali, kichwa tu kikiwa nje, amenipa kisogo kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni.

Nikainama kulisugua goti. Ndipo nikaviona viatu.

Vilikuwa chini ya kiti changu, vimepangwa vizuri, buti za kahawia zenye soli nene na kovu la kuungua kwenye ncha ya kiatu cha kushoto. Viatu vile ninavijua. Ninavijua kuliko ninavyomjua mwenyewe. Ni vya mume wa binti yangu.

Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa soni. Hatuli meza moja. Hatuketi chumba kimoja ikiwa kuna kingine. Tukikutana njiani mmoja hupisha. Siku hizi kuna wanaokumbatiana na wakwe zao na kupiga nao picha, na ni sawa, ni maisha yao, lakini mimi na mkwe wangu tulishika ya zamani, na nadhani tuliipenda. Akija kwangu nainamisha macho, naye anainamisha yake, na tunasalimiana tukitazama sakafu. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemsoma kwa viatu. Uso wake, hata ungeniuliza, nisingeweza kuueleza, sembuse ukiwa na kofia ya mpira na miwani. Nilikuwa nimemhoji mkwe wangu akiwa na chupi ya kuogelea, tena kwa sauti ya soko.

Halafu nikatambua nimekalia nini. Nilikuwa nimekalia suruali yake.

Nikajaribu kusimama. Goti likakataa. Nikajaribu tena, likakataa kwa maumivu. Basi tukabaki hivyo, yeye hawezi kutoka, mimi siwezi kuondoka, na wote wawili tunatazama pengine. Nilitaka ardhi ipasuke initie ndani. Nikajifunika leso kichwani hadi usoni na kumwita meneja kwa nguvu zangu zote.

Alikuja akikimbia. "Mama, kuna nini? Umeumia?"

"Mwambie huyo kijana," nilisema kutoka ndani ya leso, "kwamba nimefumba macho."

"Kijana gani? Yuko hapo tu, si umwambie mwenyewe? Anakusikia."

"Madam," sauti ya mkwe wangu ikatoka kona ya mbali, nzito, ya kubembeleza. "Tafadhali. Mwambie mama samahani sana."

"Mwambie hana kosa. Mwambie mimi ndiye nimekalia nguo zake."

Meneja alikuwa akigeuza kichwa huku na huku. "Kwani mnajuana?"

"Ni mama," mkwe wangu akasema. "Mama ya bibi yangu."

"Sasa si ndio vizuri!" Maskini, mtu wa Nyeri. Hatukuwa na muda wa kumfundisha.

Nikaushika mkono wa kiti nijinyanyue kwa mara ya tatu, na hapo nikamsikia tena, haraka sasa. "Madam, mwambie asiamke na nguvu. Mwambie anyooshe mguu kwanza, asubiri kidogo, hilo goti litaumia."

Nikauachia mkono wa kiti. Hilo goti? Sikuwahi kumwambia mtu wa nyumbani kuhusu goti. Binti yangu alijua ngazi tu. Huyu naye, aliyekuwa akitazama sakafu miaka yote, kumbe hakuwa akitazama sakafu tupu. Alikuwa ameona ninavyouburura mguu wangu. Nilinyoosha mguu, nikasubiri, nikasimama polepole, meneja akachomoa suruali chini yangu, akaniongoza hadi langoni nikiwa nimefunikwa kama bibi harusi. Sikugusa maji.

Binti yangu alinipigia simu jioni. Nilitegemea acheke, na alicheka, mpaka akakohoa. Kisha akauliza kile nilichokuwa nikikikimbia. "Kwa hivyo mama, miguu imefika hapo?"

"Imefika," nilisema.

"Na ulikuwa umeficha."

"Nilikuwa natafuta."

Akapumua. Akaniambia mumewe hakula, na kwamba alikuwa amesema kesho atajitoa kwenye klabu hiyo ili mimi nipate nafasi. Hapo nikawaka. Nani amemwambia ajitoe? Nikauliza kwa nini huogelea, maana sikuwahi kujua. Akasema ni mgongo. Kabla hajawa na malori yake alikuwa dereva, akalala miaka ndani ya kibanda cha lori kwenye foleni ya Malaba, na uti wa mgongo ukalipa. Bila maji hawezi kuinama kufunga hata hizo buti.

"Mwambie asijitoe," nilisema. "Mwambie akijitoa mimi narudi kwa wale wa kuruka."

Tulijadiliana wiki nzima kupitia kwa binti yangu, kwa uzito kama tulivyojadiliana mahari, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa nikipunguza. Yeye alitaka kuniachia siku zote abaki na moja. Nilikataa. Mwisho tukagawana: siku za soko ni zake, maana siku hizo mimi siwezi kutoka dukani, zilizobaki ni zangu, Jumapili tumemwachia Mungu. Meneja alikubali, ingawa naamini mpaka leo anadhani tuligombana. Nikalipa, nikawa mwanachama. Ile klabu ya lango refu ilikuwa karibu zaidi, na ile ya ng'ambo ilikuwa na nyasi bora, lakini nilijua sasa ni kitu gani ninachokinunua.

Ngazi ndiyo ilibaki kuninyima usingizi. Nilikwenda siku yangu ya kwanza nimejiandaa kunyanyuliwa na wanaume wawili, nimeapa nitafumba mdomo. Nilipofika bwawani nilisimama.

Ile ngazi ya wima haikuwepo. Mahali pake palikuwa na ngazi nyingine ya chuma, pana, inayoteremka polepole hadi chini majini, na vyuma viwili vya kushika pande zote mbili, kimo cha kiuno changu. Kila kidaraja kilikuwa kimefunikwa kipande cha tairi la lori, zile kashata zake, yale meno ya mpira, zikiwa juu ili mguu usiteleze. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani. Malori yote ya mkwe wangu ni ya kijani hicho.

"Walikuja na mashine ya kuchomelea siku ya soko," meneja alisema. "Wameshinda hapa mchana kutwa. Yeye mwenyewe alikuwa anashuka na kupanda, anashuka na kupanda, akijifanya mguu mmoja haukunjiki. Tulicheka sana."

Sikucheka. Nilivua dera, nikashika vyuma, nikateremka. Maji yalipanda kwenye vifundo, kwenye mashavu ya miguu, yakalifikia goti, yakalipita, na lile gunia nililokuwa nimelibeba mguuni miezi yote likaondolewa. Nilikunja goti. Likakunjika. Nilisimama pale nikalia kidogo, kwa kuwa ndani ya bwawa hakuna anayeona.

Nikakaa majini mpaka vidole vikakunjamana, kisha nikapanda, kidaraja kwa kidaraja, bila mtu. Nilipojifuta nilimpigia binti yangu.

"Mwambie nimeshuka mwenyewe," nilisema. "Na nimepanda mwenyewe."

"Mama, yuko hapa kando yangu. Anakusikia."

"Hata kama ananisikia," nilimwambia. "Mwambie."